Mume wangu "anainua mbingu" kila alfajiri, vidonge amevificha kotini

Assalamu alaykum Bi Nesi,

Mimi ni mke wa mtu, nina miaka 52, nyumba yetu iko Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Mume wangu ana miaka 59. Kazi yake ni klaringi pale bandarini, mtu wa kupanda na kushuka tangu ujana wake. Miezi mitatu iliyopita, magharibi ikikaribia, alikuwa barazani na wenzake wakinywa kahawa, akashikwa na kifua. Akasema ni gesi. Tukampa tangawizi, tukampa magadi ya unga kwenye maji, jirani akamsugua mgongo kwa mafuta ya karafuu. Tulipofika hospitali ilikuwa imeshapita saa nne ya usiku. Wakasema ni mshtuko wa moyo, mshipa mmoja umeziba. Wakampitisha waya kutoka kifundo cha mkono, wakamtia stenti moja, na siku ya sita akarudi nyumbani na mfuko wa dawa.

Tangu siku hiyo nimemshika kama yai. Maji ya kuoga namtekea mimi, nguo namvisha mimi, na viatu vyake nimevificha asije akaenda Marikiti kwa miguu. Daktari alisema atembee, najua. Lakini daktari hakumuona siku ile jasho likimtoka kama aliyemwagiwa ndoo ya maji. Niliyemuona ni mimi.

Sasa kijana wetu mkubwa anafanya kazi kwenye kituo cha reli Miritini, na huko ana rafiki Mchina. Huyo rafiki alimfundisha mazoezi ya kwao yanaitwa baduanjin, naye akamletea babake kwenye simu. Bi Nesi, kila akimaliza swala ya alfajiri mume wangu yuko juu darini, mikono hewani kama anayedaka embe. Mara avute upinde usioonekana, mara akunje ngumi na kukodoa macho, na mwisho ainuke kwa vidole kisha ajiangushe kwa visigino, ti! ti! mara saba, mpaka vikombe vyangu vinalia kabatini. Wanawake wa nyumba ya mbele wanachungulia na kucheka. Mavyaa wangu anasema hiyo ni ibada ya Kichina na mwanawe ataritadi. Nami nawaza, mtu ametiwa chuma ndani ya moyo, anaruka hivyo, si kitachomoka?

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni jingine. Wiki jana nilikuwa nataka kufua koti lake la Ijumaa, nikakuta mfukoni vidonge vya wiki tatu nzima. Vingine vimo kwenye karatasi zake, vingine alivitia mdomoni mbele yangu kisha akavitema. Nilipomuuliza akanijibu, "Mimi n'shapoa. Katika mazoezi haya kuna mwendo wa kutoa moto wa moyo, Wachina wanaufanya miaka na miaka. Hivyo vidonge vyanilegeza tu." Shemeji yangu ndiye anayempa kichwa. Amemletea hata pakiti ya chai ya mizizi myekundu yenye maandishi ya Kichina, anakunywa asubuhi na jioni. Sigara ameacha, alhamdulillahi, lakini muguka bado anatafuna, eti "kidogo wa kuchangamsha".

Nimkataze mazoezi? Na dawa nitamfanya vipi azimeze bila nyumba kuwaka moto?

Kuna na jambo ambalo naona haya kuliandika. Tangu atoke hospitali analala ameupa uso ukuta. Mimi mwenyewe naogopa kumgusa nisije nikamuua, lakini na yeye hajasema neno. Ukiona halifai kuchapishwa, liruke.

Mke mwenye wasiwasi, Kibokoni

JIBU LA BI NESI

Alaykumu salaam dada yangu,

Sitaliruka. Nitarudi kwenye hilo la mwisho, maana naona ndilo lililotakiwa kuja kwanza.

Tuanze na mazoezi, kwa kuwa yamekutia hofu isiyostahili. Stenti si msumari uliopigiliwa. Ni kibomba chembamba cha waya wa wavu, hufunguliwa ndani ya mshipa kwa puto hadi kikaegemea kuta zake, na baada ya muda nyama ya mshipa huota juu yake na kukifunika. Hakuna kuinua mikono wala kugonga visigino kutakakokichomoa. Stenti huharibika kwa damu kuganda ndani yake, na dawa za kuzuia hilo ndizo ulizozikuta kwenye koti la Ijumaa. Kwa hiyo umekuwa ukilinda mlango ambao mwizi hapiti. Nasema hivyo bila kukulaumu. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, na nimewaona wake wengi wakimwagia macho yao yote kwenye kinachoonekana.

Baduanjin maana yake ni vipande vinane vya zari. Ndiyo, zari, ile nakshi ya hariri ambayo bibi harusi wetu hawezi kutoka bila yake. Yametajwa tangu enzi ya wafalme wa Song, waliotawala China kati ya mwaka 960 na 1279. Ni miendo minane, inafanywa polepole na pumzi, na kuyamaliza yote huchukua kama robo saa. Uliyoyaeleza nayatambua: kuinua mbingu kwa mikono miwili, kuvuta upinde kumlenga tai, kukunja ngumi na kukodoa macho, na kugonga visigino mara 7. Ni ndugu wa tai chi, ile michezo ya polepole ambayo mwaka 2020 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Na wagonjwa wa moyo wameshajaribiwa nayo, si kwa masimulizi ya barazani. Mwaka 1996 madaktari wa Sheffield, Uingereza, walichapisha matokeo ya watu 126 waliokuwa wakipata nafuu baada ya mshtuko wa moyo. Waliwagawa mafungu matatu: wengine tai chi, wengine mazoezi ya kawaida ya viungo, wengine kukaa pamoja na kuzungumza. Presha ya juu ilishuka kwa mafungu yote mawili ya mazoezi, na ile ya chini ilishuka kwa watu wa tai chi peke yao. Ila mimi kilichonivutia ni mahudhurio. Baada ya wiki 8, waliomaliza tai chi walikuwa asilimia 82, mazoezi ya kawaida asilimia 73, na kile kikundi cha maneno asilimia 8. Mgonjwa wa moyo harudiwi na nguvu zake kwa zoezi zuri alilofanya mara mbili akaacha. Mumeo kapanda darini kila alfajiri bila kusukumwa. Usiizime hiyo.

Lakini sitakuficha upande wa pili. Huko Marekani mwaka 2017 walifundisha tai chi watu 29 wenye maradhi ya moyo ambao walikuwa wamekataa kwenda kwenye mazoezi ya hospitali. Ilikuwa salama, waliipenda, na wale waliofundishwa kwa muda mrefu zaidi walianza kujishughulisha zaidi katika wiki zao. Ila uwezo wa mapafu na moyo wenyewe, ulipopimwa baada ya miezi mitatu, haukupanda. Tafiti za baduanjin nazo nyingi ni ndogo na zimefanywa China. Kwa hiyo hiyo zari ni nzuri ya kuongezea kwenye kanzu, lakini kanzu yenyewe ni kutembea. Mrudishie mume wako viatu vyake. Leo, kabla hujalala.

Aanze kwa dakika 10 mahali tambarare, kutoka kwenu mpaka Fort Jesus na kurudi, aongeze kidogo kila wiki mpaka afikie nusu saa kwa siku nyingi za wiki. Siku akijiona ana nguvu, Mama Ngina pale baharini pana upepo na mahali pa kukaa. Atoke asubuhi mapema au jua likishapoa, maana joto letu la kaskazi na baadhi ya dawa za moyo haviivi chungu kimoja, mtu huanguka kwa kizunguzungu. Na aoge mwenyewe. Kumuogesha mwanamume wa miaka 59 anayeweza kusimama ni kumwambia kila siku kwamba hafai.

Kabla ya kuendelea na hiyo miendo minane, kwanza aende kliniki yake ya moyo awaonyeshe. Asiseme tu "nafanya mazoezi ya Kichina". Ainuke afanye mbele yao. Watampima presha, umeme wa moyo, na pengine watamtembeza kwenye mashine waone moyo unavyobeba kazi. Mimi kwa upande wangu kuna miendo mitatu ningeichunga. Ule wa kuchuchumaa miguu imepanuka na kuzungusha kichwa, asishuke chini sana. Ule wa kuinama mpaka kushika miguu, aishie magotini kama aliye katika rukuu na ainuke taratibu, kwa sababu dawa za presha humfanya mtu aone nyota akiinuka ghafla. Na ule wa ngumi, asikaze mwili akazuia pumzi. Pumzi iwe inaingia na kutoka muda wote. Visigino avishushe polepole, ashike ukuta. Vikombe vyako vitapona pia.

Kama kijana amemnunulia babake ile saa ya kuhesabu mapigo, msiitegemee. Watu waliotoka kwenye mshtuko wa moyo mara nyingi hupewa dawa inayoshusha mapigo, kwa hiyo saa itasema yuko sawa na huku amechoka. Kipimo changu ni cha zamani: aweze kuzungumza nawe akiwa anafanya, lakini asiweze kuimba taarabu. Akiweza kuimba, anacheza tu. Asipoweza kuzungumza, apunguze. Na kifua kikibana, au jasho la ghafla, au maumivu yakapanda mkono ama taya, aache hapo hapo akae. Kama amepewa dawa ya kuweka chini ya ulimi aiweke, na dakika 5 zikipita bila nafuu ni hospitali, kwa gari, tena si kwa kujiendesha mwenyewe. Tangawizi na magadi safari hii yabaki jikoni. Zile saa nne mlizopoteza ni nyama ya moyo iliyokufa, na nyama hiyo haioti tena.

Mavyaa mwambie hivi. Miendo hii imetokana na fikra za kale za Kichina kuhusu pumzi na nguvu wanayoiita chi, lakini hakuna anayesujudiwa wala dua inayosomwa, na anayeifanya kwa nia ya kunyoosha viungo ananyoosha viungo. Akitaka zaidi, aulizwe imamu wa msikiti wenu. Mimi ni nesi. (Na kama hoja ni kwamba Uchina ni mbali, mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme wa China twiga. Tumejuana zamani.)

Sasa huo "moto wa moyo". Ni kweli, mwendo wa tano jina lake ndilo hilo, kutikisa kichwa na mkia ili kutoa moto wa moyo. Lakini moyo katika utabibu wa kale wa Wachina ni kama moyo wetu sisi tunaposema fulani ana moyo mgumu: hakuna anayekwenda kumpasua kuupima. Huo moto wao ni kutotulia, kukosa usingizi, fikra kwenda mbio. Mshipa ulioziba kwa lehemu haumo. Mwendo huo unaweza kumtuliza mumeo akalala vizuri, na hilo si dogo, ila hauwezi kuifanya kazi ya aspirini ya kuzuia damu kuganda.

Kwa hiyo dawa. Baada ya mshtuko na stenti, dawa mbili za kuzuia damu kuganda kwa kawaida huendelea kama mwaka mzima, na moja yake hubaki maisha. Yeye ana miezi mitatu. Akikatiza sasa, damu inaweza kuganda ndani ya stenti ile ile, na mshtuko wa namna hiyo mara nyingi huwa mkubwa na wa hatari. Ile ya kushusha mapigo nayo haikatizwi ghafla, moyo huja ukapiga kwa hasira. Usingoje siku ya miadi. Kesho asubuhi nendeni, na usimwambie ameze zote kwa pamoja kufidia zilizopita. Daktari ndiye atakayesema aanze vipi.

Pakiti ya shemeji iende nayo, haijafunguliwa tena. Kuna mzizi mwekundu unaoitwa danshen, Wachina wanautumia sana kwa moyo, na unajulikana kuzidisha nguvu ya warfarini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, mpaka mtu akavuja damu. Kwa mtu anayetakiwa kumeza dawa mbili za kuzuia damu kuganda, mimi singeuingiza nyumbani. Sisemi ndio huo ulio kwenye pakiti. Nasema chai ambayo hakuna mtu nyumbani anayeweza kuisoma si ya mgonjwa wa moyo. Shemeji ana mapenzi na nduguye, basi ayalipe kwa nauli ya kwenda kliniki.

Na muguka, dada, hapa nakasirika kidogo. Wewe umeandika kurasa juu ya visigino, na muguka umeupitia kwa mstari mmoja! Ndani ya majani yale mna kitu kinachoitwa kathinoni, kinapandisha presha, kinakimbiza moyo na kubana mishipa yake. Hakuna muguka wa kidogo kwa moyo uliokwishashtuka. Sigara ameacha kwa nguvu zake, mpongeze kwa hilo mbele ya wanawe, halafu mshike kwa hili.

Nimefika kwenye lile la kuona haya. Soma tena alichokujibu: "Hivyo vidonge vyanilegeza tu." Wewe ulisikia miguu na mikono. Mimi nilisikia neno "vyanilegeza", kisha nikasoma kwamba anaupa uso ukuta, nikaona umeniandikia barua mbili mbali mbali juu ya jambo moja. Huenda nimekosea, lakini muulize. Nilipokuwa kazini wanaume wengi walilitoa jambo hili wakati wameshasimama kuondoka, mkono uko kwenye kitasa cha mlango. Wengine hawakulitoa kabisa, waliacha dawa tu. Na ni kweli, baadhi ya dawa za moyo na presha huweza kumpunguza mwanamume. Lakini hofu pia hupunguza, na ile mishipa iliyoziba kifuani ina wenzake huko chini. Dawa hubadilishwa, kipimo hushushwa. Daktari hawezi kubadilisha asichoambiwa.

Basi usimkabili kwa vidonge mkononi. Usiku, mavyaa ameshalala, anza na hofu yako wewe: mwambie umekuwa ukiogopa kumgusa. Ukishalisema la kwako, la kwake litapata njia. Kisha kliniki mwende wawili, bila kijana wala shemeji, na akiingia kwa daktari umpe dakika tano za peke yake. Jambo moja ulishike kwa mikono miwili: asinunue dawa za nguvu za kiume za mtaani. Zile zilizo na dawa ya sildenafili ndani zikikutana na ile ya chini ya ulimi, presha huporomoka mpaka mtu akafa.

Na kumgusa hakumuui. Madaktari hutumia kipimo cha ngazi: mtu aliyekwisha kuruhusiwa na daktari wake, akaweza kupanda ngazi za ghorofa mbili kwa mwendo wa kawaida bila kifua kubana wala kuhema, anaweza kukaa na mkewe. Nyumba za Kibokoni nazijua, ngazi zake zimesimama wima kama za jahazi. Kliniki ikishasema sawa, pandeni pamoja mpaka huko darini kwenye mbingu yake. Akifika juu angali anaongea, shukeni mkafunge mlango. Mavyaa usiku huo akalale kwa shemeji.